Masta ya optimaizesheni Uingereza: nyota tatu na nusu, na sababu zake

Wakuu habari za saa hizi. Nimerudi Dar mwaka jana na toka nishuke kwenye ndege haipiti wiki bila mtu kunitumia meseji, "kaka ile masta yako vipi, inalipa? na mimi nijaze fomu?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika mara moja hapa, atakayeuliza namtumia hii. Chuo chenyewe sitakitaja, kuna sehemu ntalalamika na sitaki kesi na mtu, jueni tu ni Uingereza, ni mwaka mmoja, na ni masta ya optimaizesheni (yaani kutafuta jibu bora kuliko yote ndani ya masharti uliyopewa) na hesabu za kompyuta. Nilienda kwa skolashipu, kwa hiyo anayewapa maoni haya hakutoa ada mfukoni, ningetoa mwenyewe labda nyota zingekuwa mbili.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia hii kitu: mnakumbuka form four mlipofika linia programing, ile topiki ya mwisho mwalimu anakimbizana na silabasi na mtihani uko mlangoni? Mnachora mistari, mnapaka kivuli eneo msilolitaka, halafu mnapima kwenye kona ipi inatoa hela nyingi. Ndo hiyohiyo. Wengi tuliikariri tukaiacha palepale chumba cha mtihani, kumbe kuna watu duniani wanalipwa mishahara kwa hiyo topiki.

Chukua karakana ya ba mdogo wangu pale Keko. Anatengeneza vitanda vya kuchonga na makabati ya nguo. Kitanda kinakula mbao 10 na siku 3 za fundi, kabati linakula mbao 20 ila siku 2 tu maana halina nakshi. Kwa mwezi ana mbao 400 na, ukijumlisha mafundi wote, siku 60 za kazi. Kitanda kinamwachia 60,000, kabati 80,000. Sasa atengeneze ngapi ngapi? Mtu wa haraka atasema kabati ndo lina hela, piga makabati tu, mbao 400 gawa kwa 20 unapata makabati 20, milioni 1.6. Akipiga vitanda vitupu siku zinaisha kwenye kitanda cha 20, milioni 1.2. Hesabu inasema vitanda 10 na makabati 15, mbao zinaisha zote, siku zinaisha zote, na anaondoka na milioni 1.8. Laki mbili za juu bila kuongeza hata msumari.

Hiyo unaifanya kwa rula na penseli. Masta inaanza pale vitu vinapokuwa sio viwili tena ni laki mbili, na masharti ni laki tatu, na hakuna karatasi ya kuchorea grafu ya pande laki mbili.

Semesta ya kwanza nyota tano, sina kinyongo kabisa. Tulianza na simpleksi, njia aliyoitoa Mmarekani George Dantzig mwaka 1947 akiwa anafanya kazi na jeshi la anga. Wazo lake ukilisikia unajiuliza kwa nini hukulifikiria wewe, jibu bora lipo kwenye kona, kwa hiyo simama kona yoyote, angalia kona ya jirani ipi ni bora zaidi, hamia, rudia, ukikosa jirani anayekuzidi umefika. Kama mtu anatembea kandokando ya ukuta wa shamba. Halafu wiki ya nne mwalimu akatutoa imani, akatuonyesha mfano wa Klee na Minty wa 1972, shamba limepindwa kwa makusudi hivi kwamba simpleksi inapita kila kona kabla ya kufika, na ukiwa na vigeu 30 tu kona ni zaidi ya bilioni moja. Darasa zima kimya. Halafu akasema, basi pamoja na hayo kwenye kazi za kweli simpleksi inakimbia vizuri tu, na watu wametumia miaka mingi kuelewa kwa nini. Mi hapo ndo nilipoipenda hii fani, ni hesabu ambayo inakiri yenyewe kwamba nadharia na kazi hazijakaa meza moja. Baadae tukafika 1984, njia ya bwana Karmarkar, ya kukatisha katikati ya shamba badala ya kuambaa na ukuta. Siku hizi solva kubwa (programu za kompyuta zinazokutafutia hilo jibu) zina njia zote mbili na mara nyingine zinazishindanisha kwa wakati mmoja, itakayowahi kumaliza ndo inachukuliwa.

Kitu kingine kilichonikuna, kuna masharti maarufu ya kupimia kama jibu ulilonalo ndo bora, yanaitwa KKT, ukisoma optimaizesheni utakula nayo na kulala nayo. Miaka yote yaliitwa ya Kuhn na Tucker sababu waliyatoa 1951, baadae ikaja kujulikana kwamba kuna bwana anaitwa Karush aliyaandika kwenye tasnifu yake ya MASTA pale Chicago mwaka 1939, hakuichapisha, ikakaa kabatini. Ndo K ya kwanza hiyo. Nikiwa nakesha na tasnifu yangu saa nane usiku nilikuwa najifariji na huyo jamaa, ingawa ukweli yangu imekaa kabatini na itabaki hukohuko.

Ila kama mngeniambia nichague somo moja tu lililofanya nisijute, ni bei ya kivuli. Kila sharti lina bei yake iliyojificha, yaani ukilegeza hilo sharti kidogo lengo lako linapanda kwa kiasi gani. Rudi Keko. Ukifanya hesabu ya upande wa pili, yaani kutafuta bei za masharti badala ya idadi ya vitanda na makabati, unakuta ubao mmoja wa ziada una thamani ya 3,000 juu ya bei aliyozoea kununulia, na siku moja ya fundi ya ziada ina thamani ya 10,000. Hakiki mwenyewe, mbao 400 mara 3,000 ni milioni 1.2, siku 60 mara 10,000 ni laki 6, jumla milioni 1.8, faida ileile mpaka shilingi ya mwisho. Hiyo haijatokea kwa bahati, inatokea hivyo siku zote kwenye linia programing. Siku naelewa hilo nilitoka nje nikampigia ba mdogo kwa WhatsApp, shikamoo, marahaba, nikamwambia ba mdogo sikiliza, mbao ongeza hata kama wanakupandishia 2,000, ila yule kijana wa deiwaka anayetaka 15,000 kwa siku muache, siku yake ina thamani ya 10,000 tu. Akasema sawa baba, wewe ndo msomi. Hii simu mtaikuta tena huko chini.

Semesta ya pili sasa. Hapa ndo nyota zilipoanza kumeguka.

Somo la namba nzima lenyewe ni tamu. Ukisema jibu lazima liwe namba nzima, lori haliwezi kuwa nusu, basi kila ulichojifunza kinayumba. Gari moja lenye sehemu 20 za kushusha mzigo, mpangilio wa kuzipitia ni zaidi ya kwintilioni 2, namba yenye tarakimu 19, na kompyuta inayojaribu mipangilio bilioni moja kila sekunde ingehitaji kama miaka 77. Magari ya soda Dar yanashusha sehemu 20 kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo watu wakabuni kugawa tatizo matawi na kukata yale ambayo unaweza kuthibitisha hayatakuja kushinda, wa kwanza kuandika hiyo njia ni kina mama wawili waliokuwa London School of Economics, Ailsa Land na Alison Doig, mwaka 1960. Nimewataja makusudi, dada zangu mnaoambiwa hesabu za wanaume.

Tatizo lilikuwa namna ya kufundishwa. Mwalimu anasoma slaidi. Neno kwa neno, na slaidi tunazo. Halafu kazi ya kikundi, watu sita, mmoja hatumjui hata sura mpaka siku ya prezenteshoni, alikuja na suti kali kuliko wote akasoma sehemu niliyoandika mimi, tukapewa maksi sawa. Nilienda kulalamika ofisini nikapewa fomu, nikajaza, nadhani bado inajazwa mpaka leo.

Ila kuna kitu nilijifunza palepale kwa maumivu, na hakikuwa kwenye slaidi. Tulikuwa na modeli ya maghala, ghala lifunguliwe au lisifunguliwe, 1 au 0. Unaandika sharti kwamba mzigo unaopita ghalani usizidi M mara hiyo 1 au 0, M ikiwa ni namba kubwa, ili ghala likifungwa mzigo uwe sifuri. Mimi nikaona usinisumbue, nikaweka M milioni 10. Solva ikajibu ghala halijafunguliwa, gharama ya kufungua sifuri, na tani 10 zinapita humohumo ndani ya ghala lililofungwa! Nilikaa na huo mzimu siku mbili nikidhani kompyuta imerogwa. Kumbe solva inavumilia makosa madogo, sehemu moja ya milioni anaihesabu kuwa ni sifuri, na sehemu moja ya milioni ukiizidisha na milioni 10 zinatoka tani 10. Nikashusha M mpaka uwezo halisi wa ghala, tani 600, mzimu ukaondoka. Sasa hivi nikiona mtu ameandika M kubwa kwenye kodi ya programu naumwa kichwa.

Mambo ya vifaa haraka haraka. Kodi ni Python karibu zote, kama hujawahi kuandika hata mstari mmoja jifunze kabla hujapanda ndege, usidanganywe na ile "tutaanza mwanzo kabisa", wanaanza mwanzo Jumatatu na Alhamisi wameshafika kwenye matriki zenye sifuri nyingi. Gurobi mwanafunzi anapewa leseni bure, ni solva kali, jina lenyewe limeungwa kutoka kwa waanzilishi watatu Gu, Rothberg na Bixby, ila kumbuka leseni ya chuo inaisha na uanafunzi unaisha, ukirudi nyumbani unabaki na ile ndogo ya vigeu 2,000 na masharti 2,000. Kwa hiyo zoea mapema HiGHS, ni ya bure kabisa, imetengenezwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, na kama una SciPy (maktaba ya hesabu ya Python) kwenye laptopu yako tayari unayo bila kujua. Kazi zangu zote za hapa Dar nafanya na hiyo, na sijakwama.

Hesabu unazotakiwa kwenda nazo: aljebra ya matriki iwe kwenye damu, kalkulasi ya vigeu vingi, na uthibitisho usiukimbie. Mi nilimaliza digrii ya hesabu Mlimani na bado wiki ya tatu nilikuwa nasoma usiku kama niko form six. Kitabu cha optimaizesheni ya konveksi (matatizo yenye umbo la bakuli) cha Boyd na Vandenberghe kipo bure mtandaoni na waandishi wenyewe ndo wamekiweka, sura tano za kwanza ukizimaliza nyumbani utaenda kupumua wakati wenzio wanazama.

Hela. Ada kwa sisi wa nje chuoni kwetu ilikuwa zaidi ya pauni elfu 25, na bado hujala. Kuna ile tozo ya afya unalipa pamoja na visa, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na kwa kozi ya mwaka mmoja wanakuhesabia mwaka na nusu sababu visa inapitiliza tarehe ya kumaliza, watu wengi wanakuja kushtukia hapo dakika za mwisho. Kazi unaruhusiwa masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nimefanya, nimeosha vyombo, haitoshi ada na asikudanganye mtu. Skolashipu za Commonwealth na Chevening ndo njia, na Chevening wanataka uwe na uzoefu wa kazi kama miaka miwili, kwa hiyo usione aibu kuanza kwanza kufanya kazi, tena kwenye hii fani ni faida, nitaeleza. Baada ya kumaliza kuna visa ya kubaki kutafuta kazi, ni miaka 2, ila watakaoomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18.

Na kabla hujaanza kufikiria koti la baridi, angalia karibu. AIMS (taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu) wana kituo Kigali toka 2016, masta ya hesabu, na wanafunzi wengi wanasoma kwa ufadhili. Chuo cha Nelson Mandela pale Arusha wana hesabu za matumizi na sayansi ya kukokotoa. Nilisoma na mdada aliyepita AIMS kwanza, alikuwa anatufundisha sisi wengine usiku chumbani kwake kwa malipo ya chai na maandazi ya kwetu, yaani msingi alioupata kule ulikuwa unazidi wa baadhi ya waliosoma hukohuko Ulaya. Kama hesabu zako zina mashimo ningesema pitia huko kwanza.

Mwaka wenyewe umegawanyika hivi, masomo ni krediti 120 na tasnifu 60, jumla 180, kufaulu 50, na 70 kwenda juu ni distinksheni. Sasa mtu anaona krediti 60 anadhani tasnifu ni theluthi ya kazi, hapana, tasnifu ndo masta yenyewe. Miezi mitatu, Juni mpaka Agosti, mnapewa tatizo la kampuni ya kweli. Yangu ilikuwa ya kupanga magari ya kusambaza mzigo. Na hapa ndo naeleza kuhusu uzoefu wa kazi. Nilishawahi kukaa miaka mitatu kwenye bohari moja ya vinywaji barabara ya Mandela, najua dereva hafuati ramani, anafuata duka ambalo mwenye duka yupo. Wenzangu walikuwa wazuri wa algorithimu kunizidi mbali, ila wakikutana na mteja wanamuuliza "lengo lako ni nini", mteja anasema kupunguza gharama, wanaandika kupunguza gharama, wiki mbili baadae solva inawaambia gharama ndogo kuliko zote ni kutosambaza mzigo kabisa. Ni kweli lakini! Hukuiambia solva kwamba lazima wateja wapate mzigo, yenyewe itajuaje? Supavaiza wangu, mtu mpole sana na nyota zake tano nampa, kila nikimpelekea jibu alikuwa anasema kitu kimoja tu, nenda kamuonyeshe jibu mtu wa bohari usimuelezee kitu, halafu kaa kimya usikilize anacheka wapi. Pale anapocheka kuna sharti umelisahau.

Kwa sababu ya hiyo sentensi moja natoa nyota tatu na nusu badala ya tatu. Nimekata moja kwa ajili ya semesta ya pili na nusu kwa bei. Kazi kama mnauliza, ipo, lakini haina jina hili, usitafute tangazo la "mtaalamu wa optimaizesheni" hapa Bongo utazeeka, tafuta mipango ya usafirishaji, ugavi, umeme, data, benki, ingia kwa mlango wao halafu ndo utoe rula yako.

Sasa ile simu ya Keko. Nimerudi, wiki ya kwanza nimeenda kumsalimia ba mdogo, nimebeba laptopu, nimemuonyesha, vitanda 10, makabati 15, sikumuelezea kitu, nikakaa kimya kama nilivyofundishwa. Akacheka. Akasema baba, makabati 15 mwezi wa kwanza atanunua nani, watu wanalipa ada za shule, Januari nikiuza 8 nashukuru Mungu. Nikaongeza sharti, makabati yasizidi 8. Solva ikasema vitanda 14 na theluthi mbili. Akacheka tena, hiyo theluthi mbili ya kitanda analalia nani, miguu inabaki nje? Nikaweka namba nzima, ikatoka vitanda 14 na makabati 8, milioni 1.48.

Halafu mimi ndo nikanyamaza, maana nimeangalia zile bei za kivuli upya. Kwenye mpango huo zinatumika mbao 300 tu, mia zinabaki, kwa hiyo thamani ya ubao wa ziada ni sifuri, na siku ya fundi, kwa hesabu ya kabla ya kuweka namba nzima, imepanda kutoka 10,000 mpaka 20,000. Yaani yule kijana wa deiwaka wa 15,000 niliyesema aachwe ndo alitakiwa aajiriwe, na mbao nilizosema zinunuliwe kwa bei ya juu hazikuwa na kazi. Kijana alishahamia karakana ya jirani. Mbao 20 zimeegemea ukuta mpaka leo, na kila nikipita kusalimia, ba mdogo hasemi neno, anazinyooshea kidole tu halafu anaendelea kupiga randa.